Siku 49 baada ya Pasaka: Kabala inamtaka Myahudi afanye nini na moyo wake?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Mimi ni Mkristo, nafundisha shule ya msingi hapa Tanga. Rafiki yangu aliuziwa uzi mwekundu mtandaoni, akaambiwa ni wa Kabala na unakinga husuda. Nilipotafuta habari za Kabala nikakuta jambo jingine kabisa: kwamba Wayahudi huhesabu siku 49 baada ya Pasaka, na Kabala imeipa kila siku sifa yake. Je, hii ni falaki, kama mambo ya nyota na buruji? Jioni hizo wanafanya nini hasa, na inawasaidia nini katika nafsi? Na mtu kama mimi naweza kujifunza kitu humo bila kuvunja imani yangu wala kuidharau ya kwao?"

Jibu:

Marahaba, mwanangu. Nianze na falaki, maana naona ndiyo inayokutia wasiwasi. Katika hesabu hii hakuna utabiri. Hakuna anayeambiwa kwamba leo ni njema kwa safari au kesho ina mkosi kwa sababu ya sifa iliyopewa siku hiyo. Sifa ya siku ni swali anayehesabu huulizwa juu ya tabia yake mwenyewe, kesho yake anaulizwa jingine, hivyo hivyo mpaka jioni 49 zitimie.

Hesabu yenyewe ilikuwapo karne nyingi kabla ya Kabala. Iko kwenye Biblia yako, Walawi 23. Tangu siku ulipoletwa mganda wa kwanza wa mavuno ya shayiri, watu wahesabu majuma saba kamili, na siku ya 50 walete mikate miwili iliyotiwa chachu. Mganda huo huitwa omeri, na siku ya 50 ndiyo Shavuoti, ambayo Biblia ya Kiswahili inaiita Sikukuu ya Majuma na kanisa lako linaijua kwa jina la Pentekoste. Mwaka 70 Warumi walibomoa Hekalu la Yerusalemu na sadaka ya mganda ikakoma, lakini watu hawakuacha kuhesabu. Kilichobaki ni maneno anayoyatamka mtu usiku, asiye na shayiri mkononi wala madhabahu mbele yake. Kwa maoni yangu utupu huo ndio uliowapa watu wa Kabala nafasi ya kuweka kazi ya moyo pale palipokuwa na kazi ya shamba.

Kabala ni elimu ya siri za Torati iliyochukua sura tunayoijua kusini mwa Ufaransa na Hispania katika karne ya 12 na ya 13. Kitabu chake kikuu, Zohari, kilianza kusambaa Castile, ufalme wa Hispania, mwishoni mwa karne ya 13. Wenye imani wanakihesabu kuwa ni mafundisho ya Shimon bar Yochai, mwalimu wa karne ya 2. Wanahistoria wengi, wakifuata utafiti wa Gershom Scholem, mtaalamu wa historia ya Kabala, wanasema sehemu yake kubwa iliandikwa na Moses de León, aliyefariki mwaka 1305. Wayahudi walipofukuzwa Hispania mwaka 1492, elimu hiyo ilisafiri nao, na karne ya 16 ikapata makao Safed, mji wa milimani huko Galilaya uliokuwa chini ya Waturuki wa Osmani. Mengi ninayokueleza hapa yalipevuka katika mji huo.

Mafundisho yenyewe, kwa ufupi kadiri niwezavyo: Mungu alivyo hafikiwi na akili, ndiyo maana Kabala humwita Ein Sof, Asiye na Mwisho. Anajidhihirisha kwa njia kumi zinazoitwa sefiroti; moja huitwa sefira. Wasomaji wangu wa pwani, Waislamu kwa Wakristo, huniuliza papo hapo kama hiyo si miungu kumi. Moses Cordovero, mwalimu mkubwa wa Safed aliyefariki mwaka 1570, alilishughulikia swali hilo kwa uzito wote. Alisema ni kama mwanga wa jua unaopita kwenye vioo vya rangi mbalimbali: ukutani unaona nyekundu na kijani, lakini jua ni moja, na halijachukua rangi yoyote.

Katika hizo kumi, tatu za juu zinahusu fikra. Saba za chini zinahusu moyo na tendo, na kila moja imetwaa juma moja katika majuma saba ya hesabu. Ya kwanza ni Hesedi, fadhili inayomiminika bila kipimo. Inafuata Gevura, nguvu ya kuzuia, kuhukumu na kuweka mpaka. Tifereti ni uzuri unaopatikana hizo mbili zikikaa pamoja kwa huruma. Netsahi ni kudumu na ari ya kushinda. Hodu ni unyenyekevu wa kukiri na kushukuru. Yesodi ni msingi, kile kifungo kinachomfunga mtu na mwenzake. Na Malkuti ni ufalme, pale yote yaliyotangulia yanapokuwa tendo duniani. Zimeambatanishwa pia na watu unaowajua kwenye Maandiko: Ibrahimu aliyekaribisha wageni ni Hesedi, Isaka ni Gevura, Yakobo ni Tifereti, Musa na Haruni ni Netsahi na Hodu, Yusufu ni Yesodi, na Daudi mfalme ni Malkuti.

Kama ingeishia hapo, tungekuwa na majuma saba ya fadhila saba, jambo ambalo dini nyingi zinalo. Uzito wa hesabu uko kwingine. Kila juma lina siku saba, na sefira zote saba zinapita tena ndani ya juma la kila moja. Siku ya kwanza ni Hesedi ndani ya Hesedi, ya pili ni Gevura ndani ya Hesedi, ya tatu ni Tifereti ndani ya Hesedi. Siku ya nane unaingia juma la Gevura, na unaanza na Hesedi ndani ya Gevura. Saba mara saba, ndiyo 49.

Kwa nini kuzichanganya namna hiyo? Jibu linatoka kwa Isaac Luria. Alizaliwa Yerusalemu mwaka 1534, akakulia Misri, akafika Safed mwaka 1570 na kufariki miaka miwili baadaye. Yeye mwenyewe aliandika kidogo sana. Tunamjua hasa kupitia mwanafunzi wake Chaim Vital. Luria alifundisha kwamba mwanzoni mwanga wa Mungu ulishuka katika vyombo, na vile vyombo saba vya chini vikavunjika kwa kushindwa kuubeba. Vilivunjika kwa sababu kila kimoja kilisimama peke yake, hakikushikamana na wenziwe. Matengenezo, ambayo Kabala huyaita tikuni, ni pale kila sefira inapobeba ndani yake kitu cha zile nyingine zote.

Ukiniuliza hesabu hii inafundisha nini, mimi hushika hapo. Tunapojichunguza huwa tunatafuta uovu tuutupe nje. Luria anatufanya tuwe na shaka hata na wema wetu, ule tunaosifiwa nao, kwa kuwa sifa njema iliyoachwa peke yake huvunja chombo chake na kumjeruhi aliye karibu.

Tazama siku ya pili, Gevura ndani ya Hesedi. Tuseme mdogo wako anakupigia kila mwisho wa mwezi, na wewe unamtumia hela kwenye simu hata hajamaliza kueleza shida. Ukoo mzima unakusifu kwa moyo wa kutoa. Siku ya pili inakuuliza mpaka wa fadhili hiyo uko wapi. Unampa kwa kuwa inamfaa, au kwa kuwa huwezi kuvumilia kuitwa mchoyo? Na yeye, miaka yote hii, amejifunza kusimama au amejifunza kupiga simu?

Ukifika siku ya nane mambo yanageuka. Wewe ni mwalimu, kwa hiyo mfano huu utakugusa. Mtoto amechelewa mara ya tatu juma hilo, umemsimamisha mbele ya darasa na kumkemea. Sheria ni sheria, na darasa lisilo na utaratibu halifundishiki. Gevura ni sifa ya Mungu, haiwi dhambi kwa sababu tu ni kali. Lakini Hesedi iko wapi ndani yake? Je, ulimuuliza nyumbani kuna nini? Sauti uliyomkemea nayo ilikuwa kwa ajili yake, au ulitoka nayo kwako asubuhi? Siku ya nane haikuambii uache ukali. Inataka mtoto yule, hata akiwa amekasirika, ajue kwamba mwalimu wake bado yuko upande wake.

Au siku ya 26, Hodu ndani ya Netsahi. Hii huwafaa watu wa mapambano, wale wasiokubali kushindwa: mwenyekiti wa kikundi, mzee wa kanisa, mama aliyejenga nyumba tofali kwa tofali. Wanaulizwa kama katika kudumu kwao wamewahi kumwambia mtu, "Hapa ulikuwa sahihi, mimi sikuwa." Wengi wanakwama siku hii.

Sasa jioni zenyewe. Kwa Wayahudi siku huanza jua linapozama, jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kuelezwa. Hesabu huanza usiku wa pili wa Pasaka. Nyota zikishatoka, kwetu ingekuwa yapata saa moja usiku, mtu husimama, husema baraka ya kumshukuru Mungu aliyewaamuru kuhesabu, kisha hutamka: "Leo ni siku nane, ambazo ni juma moja na siku moja, za omeri." Wengi huongeza dua fupi iliyochapwa kwenye vitabu vya sala, wakiomba kwamba yale waliyoyaharibu katika sefira ya siku hiyo yatengenezwe. Jambo zima halichukui dakika tano. Baadhi husoma pia Zaburi ya 67, ambayo kwa Kiebrania, ukiacha kichwa chake, ina maneno 49.

Sheria zake ni za uangalifu wa ajabu. Mtu ambaye hajahesabu bado, akiulizwa jioni leo ni siku ya ngapi, hufundishwa ajibu kwa kutaja ya jana, asije akawa ameitimiza hesabu kwa kupitiwa, bila baraka. Aliyesahau usiku huhesabu mchana wake bila baraka, na usiku unaofuata anaendelea kama kawaida. Na aliyepitiwa siku nzima? Wanazuoni wa kale walitofautiana. Wapo walioona kwamba majuma yameamriwa yawe kamili, kwa hiyo pengo moja linaiharibu hesabu yote. Wengine wakaona kila usiku ni amri inayojitegemea. Josef Karo, aliyeishi Safed na ambaye kitabu chake cha sheria kilichapwa Venice mwaka 1565, aliamua kwamba mtu huyo aendelee kuhesabu mpaka mwisho, ila bila baraka. Naipenda sana hukumu hii. Haimdanganyi mtu kwamba hakukosa, wala haimtoi katika safari.

Sina budi kukuonya jambo moja, kwa sababu utakutana na vijitabu vyenye maswali na mazoezi ya kila siku. Mazoezi hayo ni ya waandishi wa zama zetu. Wazee wa Safed hawakuwa wakitafuta utulivu wa nafsi. Waliamini kwamba binadamu akihesabu kwa nia iliyo safi, kitu kinatengenezwa mbinguni, na sefiroti zenyewe zinaunganishwa. Njia kutoka mbinguni kuja moyoni ilitiwa nguvu na Wahasidi, Wayahudi wa uamsho wa kiroho Ulaya Mashariki, katika karne ya 18. Shneur Zalman wa Liadi, ambaye kitabu chake Tanya kilitoka mwaka 1796, alizieleza zile saba kuwa hisia za nafsi zinazoongozwa na akili. Kwa hiyo mtu akikuambia Kabala ni elimu ya saikolojia tu, amekata kichwa cha jambo. Akikuambia haihusu tabia hata kidogo, naye amekosea, maana Cordovero huko huko Safed aliandika kitabu kidogo, Mtende wa Debora, chenye lengo moja tu: mtu amfuate Muumba wake katika matendo.

Sura ya kwanza ya kitabu hicho ingetosha kusomwa mwaka mzima. Cordovero anasema hakuna dakika ambayo mtu haishi kwa nguvu anayopewa na Mungu. Hata mtu anapotenda dhambi, mkono unaoitenda unapewa uhai na Mungu dakika ile ile, naye haukaushi. Basi na wewe, anasema, ukitukanwa, vumilia namna hiyo, na wema wako usimkatikie aliyekutukana. Anapofika Hesedi anataja kuwazuru wagonjwa, kuwapa maskini, kuwapokea wageni, kuwazika wafu, kupatanisha watu. Hakuna hata moja linalohitaji uzi.

Siku ya 33 inastahili neno lake. Ni juma la tano, siku ya tano, yaani Hodu ndani ya Hodu, na huitwa Lag ba-Omeri. Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya walimu wa kale wa Kiyahudi, inasimulia kwamba wanafunzi 24,000 wa Rabi Akiva walikufa kati ya Pasaka na Shavuoti kwa sababu hawakuheshimiana. Kwa ajili yao Wayahudi wengi hawafungi ndoa wala kunyoa nywele kwa sehemu kubwa ya majuma haya, na mapokeo yanasema siku ya 33 tauni iliyowaua ilikoma. Watu wa Kabala wanaikumbuka pia kama siku aliyofariki Shimon bar Yochai. Maelfu huenda kaburini kwake Meron, karibu na Safed, na mioto mikubwa huwashwa. Mimi hukaa zaidi kwenye ile sababu ya vifo. Walikuwa wanafunzi wa mwalimu mkubwa kuliko wote wa zama zao. Torati waliijua. Kilichopungua ni Hodu, ule moyo wa kukubali kwamba mwenzako ameona usichokiona, na simulizi hii imewekwa katikati ya majuma ambayo kila mtu anajihesabia mwenyewe.

Mwaka uliobaki nitaupitia haraka. Sefira zile zile saba hurudi miezi sita baadaye, Sikukuu ya Vibanda. Kabla yake ni mwezi wa Eluli, ambapo baragumu ya pembe hupigwa asubuhi za siku za kazi, kisha Mwaka Mpya na Siku ya Upatanisho, siku za hukumu. Baada ya uzito huo watu hutoka nyumbani wakakaa vibandani siku saba, na kila usiku, kwa desturi inayotokana na Zohari, humkaribisha mezani kama mgeni mmoja wa wale watu saba wa Maandiko, kuanzia Ibrahimu. Sefira zilizochunguzwa majira ya kuchipua kwa hesabu na maombolezo, sasa zinaketi kula na wenye nyumba. Na Zohari yenyewe inaonya kwamba mgeni wa mbinguni haridhiki kibandani ambamo maskini hana fungu lake. Kila Ijumaa jioni nayo ina mguso wa Safed: wimbo wa kuilaki Sabato kama bibi harusi, unaoimbwa katika masinagogi dunia nzima, ulitungwa na Shlomo Alkabetz, shemeji na mwalimu wa Cordovero.

Turudi kwenye siku ya 50. Usiku wa Shavuoti wengi hukesha wakisoma hadi alfajiri, desturi iliyopata nguvu kutoka kwa Karo na Alkabetz. Na kumbuka ile mikate miwili ya Walawi. Wakati wa Pasaka chachu inafukuzwa nyumbani hata punje isibaki, na walimu wengi wameiona kuwa mfano wa kiburi kinachomvimbisha mtu. Majuma saba baadaye chachu ile ile inaletwa mbele za Bwana kwa amri. Ninavyolielewa, nguvu ya nafsi haikukusudiwa ifukuzwe milele. Iliondolewa kwa muda, ikapitishwa katika siku 49 za kuchanganywa na nyingine, na ikarudi ikiwa inafaa kutolewa sadaka.

Kuhusu uzi wa rafiki yako: desturi ya uzi mwekundu ipo kwa Wayahudi wengine, hasa ukihusishwa na kaburi la Raheli huko Bethlehemu. Lakini Tosefta, mkusanyiko wa sheria wa kale kuliko Zohari kwa karne nyingi, inataja kufunga uzi mwekundu kidoleni miongoni mwa ushirikina wa mataifa uliokatazwa. Wanaoyauza mambo haya kwa bei kubwa wanategemea mnunuzi asijue hilo. Mwambie kwa upole. Aliununua akiwa na hofu, na hofu haiponi kwa kuchekwa.

Na wewe? Baraka ya kuhesabu usiiseme. Ni amri waliyopewa Wayahudi, na kuichukua kama igizo kanisani au darasani kungewaumiza wenye nayo. Kujichunguza hakuna mwenye hakimiliki. Kanisa lako tayari lina majuma saba kati ya Ufufuko na Pentekoste, yaliyotokana na hesabu hii hii. Katika Matendo 2 mitume walikuwa wamekusanyika Yerusalemu kwa sikukuu hiyo. Watu huimaliza Kwaresima wakapumzika, na majuma hayo hupita hayana kazi. Yape kazi. Chagua sifa moja ambayo watu hukusifia, na kabla ya kulala andika sentensi moja: leo sifa hii ilikosa nini ndani yake? Kama ni upole, ulikosa ukweli? Kama ni ukweli, ulikosa huruma? Juma linalofuata chagua nyingine. Usiku ukikupita, endelea na unaofuata, usirudi nyuma kujaza.

Ukitamani kuwaona wanaohesabu, sinagogi la Nairobi lipo, na karibu na Mbale, Uganda, wapo Abayudaya, jumuiya ya Kiyahudi ya Waganda iliyoanzishwa mwaka 1919 na kiongozi wao Semei Kakungulu. Waandikie kwanza, ujitambulishe na useme unachotaka kujifunza, usubiri wakujibu ndipo ufunge safari.